Mkwinini

Tulilipa kwenye dirisha la mbao lililovimba kwa mvua.
Ambakisye, mlinzi, alitukatia tiketi
ndizi ya kuchoma ikiwa bado shavuni.
"Msichume kitu," alisema. Mama akajibu, "Ndaga,"
kwa ile sauti yake ya kukubali bila kuahidi.

Bustani ya zamani ya Tukuyu haina haraka na jua.
Ukungu umeshuka kutoka Rungwe, umekaa mitini
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Vibao vya bati vimeliwa na kutu: herufi za Kijerumani,
namba, nusu ya mwaka.
Vingine vilianguka, vikarudishwa na mtu asiyejali,
ndiyo maana mkaratusi wa pale kwenye ngazi
unaitwa waridi,
na haujalalamika.

Mama hakusoma hata kimoja.
Alihesabu: mtaro, daraja la mawe, mivinje mitatu.
Ndipo alipopenya chini ya seng'enge
na kisu cha kumenyea viazi,
umri miaka minane, sketi ya shule imepigwa fundo,
mwaka ambao Lugano aliungua homa
na zahanati ilikuwa na mizani tu.

Gome walilomchemshia lilikuwa chungu
hata sufuria ikaharibu uji wiki nzima.
Mjomba Lugano alipona. Sasa ana upara,
anauza sementi Uyole,
chai yake hutia vijiko sita vya sukari.

Chini ya mkwinini Mama aliinua uso.
Aliutafuta mkato wake juu, juu zaidi,
mpaka kilemba kikadondoka.
"Mti umekua," alisema, "limepanda nao."

Ambakisye alikuwa ametufuata.
"Kovu halipandi, mama.
Mti hurefukia kileleni."
Akaonyesha kwa ncha ya mwavuli: pale chini,
usawa wa kiuno chake,
midomo miwili ya gome iliyofumba vibaya.

Mama aliinama. Goti likalia.
Kiganja chake kilifunika kovu lote na kubaki.

Kisha akakwangua kwa ukucha wa dole gumba,
akalamba, uso ukakunjamana,
akamnyooshea mlinzi kidole: "Onja."
Ambakisye alitazama geti. Alitazama tangazo.
"Limekataza kuchuma," alisema,
"kulamba halijasema."

Mimi nilionja wa mwisho.
Stendi, mvua imeanza upya,
niliomba chai, nikavuta bakuli la sukari.
Kijiko cha kwanza. Cha pili.
Mama alitazama pembeni, asinihesabie.