Sifuri kwenye Daftari

Mwaka huu niliandika sifuri.
Daftari la thelathini na moja, jalada la kijani,
safu ya yule kindege ambaye kwa Kiestonia
jina lake ni Mvulana wa Gumba:
uzito wa sarafu, mstari wa manjano utosini,
na sauti nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano.
Sifuri Jumanne. Sifuri Alhamisi.
Nilisimama chini ya misonobari kando ya mto Ahja,
viganja nyuma ya masikio, theluji ya mwisho
ikiyeyuka ndani ya buti la kushoto,
nikasema: basi, wamekwisha.
Nikalaumu misumeno. Nikalaumu majira ya baridi.
Barua kwa wizara niliianza mara tatu.

Uzee ulikuwa umekwisha piga hodi, sikatai.
Goti linatabiri mvua kumshinda mtangazaji wa redio.
Unywele mmoja wa nyusi, mgumu kama waya,
umejiotea bila kuniuliza.
Ngozi ya mkono, nikiibana, inakawia kurudi
kama mtoto aliyetumwa dukani.
Na juzi nilifungua friji
nikabaki naitazama, nayo yanitazama,
taa yake ikiwaka kwa ajili ya nani, sijui.
Jina la mume wangu wa kwanza
lilinijia siku mbili baada ya kulitafuta,
nikimenya viazi:
Heino.
Nikacheka. Hata ulipokuwa hai, Heino, ulikuwa mtu wa kuchelewa.

Jumamosi akaja Taavet, mjukuu wa Urve,
miaka kumi na minne, chunusi, mikono mirefu kuliko koti.
Nikamwonyesha safu yangu ya sifuri.
Akanitazama, akatazama juu,
akawa kama mtu aliyeombwa atangaze msiba.
"Lakini, Bibi Vaike, wanaimba.
Huyu hapa. Yule pale. Wanne. Hapana, watano.
Wanaimba tangu tushuke kwenye baiskeli."

Upepo ulipita matawini; huo niliusikia.
Mto niliusikia. Kigogota, mbali, nilimsikia.
Juu yangu kitawi kilitikisika,
kimdomo kikafunguka, kikafumba, kikafunguka,
na hakikutoka kitu.

Sikulia. Kulikuwa na kahawa kwenye chupa, ilibidi imiminwe.
Niliikumbuka ile barua:
Waheshimiwa, msitu wetu umenyamaza.
Waheshimiwa, msitu haukunyamaza popote.

Tukakubaliana hivi: yeye anyooshe kidole, mimi niandike.
Macho bado yanakubali, nikivaa miwani juu ya miwani.
Nikaifuta sifuri ya Alhamisi, nikasugua mno,
karatasi ikatoboka.
Pembeni ya tundu nikaandika tano,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
amesikia Taavet.