Kilambo, Siku ya Arobaini na Moja

Sajini Hokororo huisifia kama mume asiyekunywa:
"Hii haijalala tangu msimu wa salfa."
Kweli. Feni inakohoa unga wa njano
uliopulizwa mikoroshoni, na bado inahesabu.

Mimi ndiye niliyeona.
Kivuko kimegusa ukingo wetu, kamba imefungwa,
mama mmoja ameshatua ndoo,
lakini kwenye kioo bado kiko katikati ya Ruvuma:
nukta ya kijani, inakuja.

Nikapima. Sekunde kumi, kasoro kidogo.
Kila saa ilidondosha punje,
sekunde iliyosagwa mara mia, nani angeisikia?
Saa mia tisa themanini na nne.
Haba na haba, kibaba cha uongo kikajaa.

Nikaandika makao makuu. Likarudi jibu:
*Mfumo uko imara. Usizimwe.*
Imara! Hata maiti ni imara.

Saa tisa usiku nikamtazama Sajini.
Akavaa kofia, akasema anakwenda haja ndogo,
akakaa huko kuliko kibofu cha binadamu.

Nikazima.

Dakika nne. Feni kimya. Nikausikia mto,
mara ya kwanza tangu nihamishiwe hapa,
na kiboko, na mtu ng'ambo akicheka kwa Kimakonde.
Dakika nne mpaka ulilindwa
na masikio yangu, na bunduki ambayo sikuishika.

Ikaamka. Haikukumbuka kitu.
Ikauliza leo tarehe ngapi.
Nikajibu haraka, bila kufikiri,
mwaka wa pili huu sijaenda likizo:
nikaandika ya jana.