Kinachobisha Ndani ya Chuma

Nyumba iko Molo, juu ya mashamba ya viazi,
mahali ambapo Julai haisemwi, inavaliwa:
sweta juu ya sweta, na soksi za kulalia.
Bwana Ngatia alinipigia simu kabla ya jogoo.
"Fundi Jeruto, njoo. Kuna kitu kinabisha ukutani.
Mchungaji amekuja mara mbili. Kimezidi."

Nikaenda na spana, pimamaji,
uzi wa katani na chupa ya siki.
Mafuta ya maombi sikubeba.

Rejeta sita za chuma cha kalibu, mbavu kumi kumi,
zimepakwa rangi juu ya rangi, krimu, kijani, krimu tena,
kama mtu anayeficha umri.
Mlowezi aliyezileta alikwenda zake.
Chuma hakikupata nauli.

Tukawasha boila kule chini kwa kuni za mkaratusi.
Nikalala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye bomba,
nikangoja, kama mkunga.

Si mzimu, Ngatia.
Bomba ni moja: mvuke hupandia humo humo
maji yanamoshukia.
Mvuke ni maji yaliyosahau uzito wake.
Ukigusa chuma baridi unakumbuka,
unaacha joto lote pale, unakuwa tone,
na tone halijui lolote ila mteremko.
Sasa nyumba yako imezama upande wa magharibi,
vidole viwili tangu ijengwe,
na rejeta zimeinamia kusikofaa.
Maji yanakaa. Mvuke unakuja mbio,
unayakuta mlangoni yamejilaza.
Nani ampishe nani?
Ngo. Ngo-ngo.
Ngo.

Na hii vali usiifungue nusu.
Nusu ndiyo ugonjwa. Ama wazi, ama funga.
"Kama kukopesha ndugu," akasema,
na hapo nikampenda kidogo.

Siku nzima nikichonga vipande vya mwerezi,
nikiviingiza chini ya miguu ya chuma
hadi kiputo cha pimamaji kikakimbilia kule nilikokitaka.
Vali za hewa nikazichemsha kwenye siki;
zikatapika kutu, na moja ikatoa buibui
mkavu, mzima, miguu yote minane.
Jioni rejeta zikashusha pumzi, ssss, moja baada ya nyingine,
zikanyamaza.
Ngatia akalipa bila kuvutana bei.

Nilikuwa nafunga mkoba mama yake aliponiita.
Bi Nyakio, chumba cha mwisho, blanketi hadi kidevuni.
"Umemtoa?"
Nimemtoa nani, mama?

Akaniambia. Yeye alikuwa mpishi humu,
Kabugi alikuwa wa moto, kule chini, miaka kumi na tisa,
kabla shamba halijagawanywa na kura haijawapa nyumba yenyewe.
Saa kumi na moja za alfajiri moto ukishika
alibisha bomba kwa kishikio cha shoka, mara tatu,
naye huku juu ndipo alipoinjika chai.
Hawakuwa wameoana bado. Hawakuwa hata wamesemezana.
"Bomba ndilo lililonitongoza," akasema, akacheka bila meno.
Kabugi alizikwa mwaka juzi, mwezi wa mvua.
Kubisha kulianza wiki ile ile.

Ningemwambia nini? Nyumba imezama?
Ilizama. Mvua ile ililainisha udongo, msingi ukashuka,
hilo nalijua kama ninavyojua spana yangu.
Nililimeza.

Nikapiga magoti kando ya kitanda chake.
Kipande kile cha mwerezi nilikuwa nimekibana sana;
nikakilegeza, nikakitoboa tundu,
nikapitisha uzi wa katani,
ncha yake nikaifunga kwenye mbao za kitanda.
Ukimtaka, vuta.
Ukitaka kulala, mwambie mjukuu akirudishe.

Wiki mbili baadaye, simu.
"Fundi, vyumba vitano kimya kabisa.
Cha mama tu ndicho kinabisha, tena alfajiri,
tena yeye hataki nikuite."

Nikamwambia bomba ni la zamani.
Nikamwambia mengine hayatengenezeki.