Chungu Kinachovuja

Kipo dirishani, Tabata Kimanga, ghorofa ya pili,
mdomo umekwenda upande
kama wa mtu anayejizuia kucheka.
Bi Saumu, mwenye nyumba, alikizunguka mara mbili:
"Hiki ulikinunua, au walikupa kwa huruma?"
Nimekifinyanga mimi, nikasema.
Mimi, Athanas Mkumbwa, msoma mita za maji,
miaka ishirini na sita nainamia vishimo vya watu,
nafuta tope kwenye kioo, nanakili namba,
nakimbizwa na mbwa, naambiwa hii bili si yangu.

Likizo ya mwaka jana nililala.
Ya mwaka juzi nilipaka rangi geti la shemeji.
Safari hii Nsia, binti yangu, akanikatia tiketi ya Lushoto,
akanikunjia sweta ambalo Dar halina kazi, akasema:
"Wiki moja tu, baba.
Usinirudie na habari za usingizi."

Walianza kwa kunipa penseli.
Chora unachokiona, wakasema.
Nikatazama ukungu ukivuka mashamba ya kabichi,
ukungu mweupe, mzito, usio na haraka ya kufika popote,
na mkono wangu, mkono huu wenye adabu ya kazi,
ukaandika: sifuri, sifuri, nne, moja, saba.
Nikaufuta. Ukaandika tena.

Usiniulize habari za jabali.
Nitakwambia tu: kamba kiunoni, kofia ngumu ya kuazima,
magoti yakigongana kama vikombe kwenye sinia,
na Hoza, kijana wa kule, kashika kamba chini
huku anatafuna peasi.
Mtaka cha mvunguni huinama, hilo nalijua,
ndiyo kazi yangu, ndio ugali wangu.
Ila mtaka cha juu, mbona hakuna aliyeniambia
anafanyaje na mikono?
Nilifika nusu. Nikageuza shingo:
dunia yote imekaa pale chini, wazi,
bila kifuniko.
Nikashuka. Na nusu ile sijaiongeza hata sentimita
kwa yeyote aliyeniuliza.

Baiskeli ilinitupa kwenye mahindi. Tuiache.

Udongo ndio ulionikamata.
Mama Shekiondo alinitupia bonge, likatua mapajani, baridi,
likanichafua suruali kabla sijauliza kitu.
Nikabonyeza, kikalegea. Nikainua, kikaanguka.
Akasema neno kwa Kisambaa, wanawake wote wakacheka,
na hakuna aliyenitafsiria mpaka naondoka.
Cha nne kilisimama.
Nikakipakata kwenye basi mpaka Dar,
kimefungwa ndani ya sweta,
abiria wa pembeni akidhani ni mtoto, akajibana anipishe.

Usiku wa kwanza nilikijaza maji.
Joto la Januari, umeme umekatika, feni imenuna,
nikasikia: tone. Kimya. Tone.
Nikawasha tochi ya simu, nikachukua daftari la kazi:
matone kumi na moja kwa dakika.
Nimewahi kuwaambia wajane, mama, bomba lako linavuja,
maji yamepita, sheria ni sheria.
Haya, Athanas. Hii bili utampelekea nani?
Nikacheka peke yangu gizani
hadi jirani akagonga ukuta.

Juzi nimerudi kazini jioni
nikakuta kimejazwa mbolea na mrehani umechomekwa ndani.
Bi Saumu hajasema neno.
Mimi pia sijasema.

Na leo asubuhi, Segerea, nyumba ya geti la bluu,
nimeinua kifuniko cha mita. Namba nimeziona.
Chini yake udongo, mwekundu, laini, umelowa sawasawa.
Nikakaa nimechuchumaa
mpaka mwenye nyumba akaja: "Kuna tatizo?"
Hapana mama, mita yako nzima.
Nikaondoka nikimsalimia mbwa,
bonge limelowanisha mfuko wa sare ya kazi.