Picha ya Kukaa

Mwaka ule gogo la mninga liliponishukia Keko
wakanifunga uti wa mgongo kwa vyuma:
fito mbili, skrubu sita,
hesabu ya kitanda cha bei nafuu.
Nikaamka Muhimbili nimenyooka kama ubao wa dari
na sikulalamika.
Kwa fundi, ubao ulionyooka ni mali.

Miaka kumi na mmoja nimeranda, nimetoboa, nimepiga msasa,
kuinama kwangu kote kukitoka kwenye nyonga,
nyonga peke yake,
mpaka ya kulia ikaisha kama kipande cha sabuni.
Wakanipa nyingine: kikombe, tufe,
na shina la chuma lililozama pajani.
"Hii, Mzee Kondo, ndiyo itakayokuzika wewe,"
akasema muuguzi, akicheka.

Ilichomoka kwenye arobaini ya shemeji.
Si kwa kuanguka, si kwa mbio.
Mbagala, mkekani, nimekaa kama watu wanavyokaa,
nikanyoosha mkono kuvuta sinia la pilau,
nikasikia ko!
Sauti ninayoijua: ulimi wa ubao ukitoka tunduni.
Wasomaji wakanyamaza katikati ya aya.
Mguu ukafupika, ukageukia ndani
kama mtu anayeona haya.

Wakaurudisha.
Ukachomoka tena, chooni, alfajiri,
niko peke yangu na kopo la maji.
Wakaurudisha.
Tatu, mke wangu, akaanza kunivalisha soksi bila kuambiwa,
nami nikaanza kutazama dirishani.

Wakasema: huyu hafuati masharti.
Wakasema: misuli, uzito, umri.
Jirani akasema kuna mkono wa mtu.
Na picha zote zilikuwa safi,
kikombe mahali pake, tufe mahali pake,
mimi nimesimama mbele ya mashine
kama askari wa gwaride.

Daktari Kokushubira ndiye aliyeuliza,
kalamu sikioni kama fundi mwenzangu:
"Kuna mtu amewahi kukupiga picha umekaa?"

Hakuna.

Nikakaa juu ya boksi, ubavu kwa mashine.
Akazibandika picha mbili kwenye taa.
"Mtu akikaa, fupanyonga hulalia nyuma kidogo,
kikombe kikafunguka, paja likapata nafasi.
La kwako halilali.
Usimame, ukae, ni lilelile.
Zile skrubu za zamani zimelishika."

Nikatazama. Kisha nikamweleza mimi:
mlango wa kukunja, wenye mikunjo miwili,
ukiupigilia misumari mkunjo wa juu,
wa chini utakunjwa mara mbili,
na mteja akirudi kugomba
atagombea ule wa chini.

"Hivyo hivyo," akasema, akaitoa kalamu sikioni,
akaandika jambo ambalo sikuliona.

Aliyenifunga mgongo hakukosea.
Aliyenipa nyonga, naye, nadhani hakukosea.
Ila hawakuwahi kukutana, hao wawili,
isipokuwa ndani yangu.

Sasa wamenitia kikombe ndani ya kikombe,
kila kimoja na mzunguko wake.
"Hiki ni kigumu kuchomoka," daktari alisema.
Hakusema hakichomoki. Nilimsikiliza vizuri.

Nimechonga kiti kirefu, cha mvule, miguu imetanuka.
Kijana wangu Pazi alidhani ni cha baa, akauliza bei.
Ndicho ninachokwenda nacho misibani.
Nakaa juu ya wafiwa, naona kofia zao, vipara vyao,
vumbi la mabegani,
na sahani hunyanyuliwa kunifikia.
Juzi Tandika mtoto aliuliza kwa sauti
kama mimi ndiye mfalme.
Watu wakacheka, msiba ukapumua.
Nami nikacheka, polepole,
kiganja juu ya nyonga,
nikisikiliza.