Sura ya Pili

Dakta Achola amenirudishia sura ya pili kwa mara ya nne.
Pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja limejirudia
kama kikohozi katika chumba cha mtihani:
Chanzo? Chanzo? Chanzo?

Nimesoma makala mia moja na kumi na mbili.
Nimeyapanga kwa mwaka, kwa nchi, kwa mbinu.
Huyu wa Lagos asema zebaki, yule wa Uswidi asema tusubiri,
wa tatu alilipwa na kiwanda, na amekiri hilo
ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko chawa.
Kazi yangu ni kuwaketisha meza moja
na kuandika: hata hivyo; kwa upande mwingine; wapo wanaohoji.
Nimekuwa mshenga wa watu wasiotaka kuoana.

Mchana natoka na karatasi za kuhesabia matangazo.
Waiyaki Way, bango la tatu baada ya daraja:
msichana ameanza kushoto akiwa usiku
akaishia kulia akiwa alfajiri,
na katikati yake, chupa.
AMKA UKIWA MPYA.
Naandika: Tangazo la 41. Ahadi: wazi. Tahadhari: hakuna.
(Ipo, kusema kweli. Nilivuka mtaro ndipo nikaisoma.)
Safu ya tano yauliza, Anahutubiwa nani?
Najaza: mimi.
Nafuta. Najaza: wanawake, 18 hadi 35.

Dubois Road, orofa ya kwanza, nyuma ya duka la mikanda,
Mama Nyaboke anapima krimu kwa kijiko cha chai
kutoka ndoo isiyo na jina hadi kopo lenye jina.
"Hii ya uso. Hii ya vifundo vya vidole, hivyo ni vikaidi.
Wewe wataka ipi?"
Namwambia mimi natafiti tu.
Ananitazama kama daktari amtazamavyo
mgonjwa anayeuliza kwa niaba ya rafiki.
"Wote huanza hivyo."

Sasa ni saa sita usiku, Ngara, stima imerudi,
na nimefikia lile nisilojua pa kulitia.
Shangazi Kalunde hakuchapishwa popote.
Alikaa mapokezi, jengo la vioo, Upper Hill.
Walimwambia: wewe ndiwe sura ya kampuni,
naye akaielewa sentensi hiyo kuliko walioisema.
Miaka tisa.
Mashavu yakawa mepesi kama manda ya sambusa.
Siku za jua alivaa kofia, mtandio na mwavuli, vyote pamoja.
Alipopasuliwa nyongo, daktari alitoka akasema
ngozi haishiki uzi.
Mimi nilikuwa nimepakata mkoba wake.
Ndani, kopo la kifuniko cha dhahabu.
Viambato: maji, manukato, na vinginevyo.

Vinginevyo.
Nisijifanye silijui neno hilo.
Mimi pia nimewafukia watu: fulani na wenzake, 2014.

Dakta husema kila mapitio hutafuta pengo;
onyesha pasipoandikwa, kisha usimame hapo.
Nimelitafuta miezi saba, rafuni na kwenye skrini,
kumbe lilikuwa likinipigia simu kila Jumapili
kuniuliza kama nimekula.

Leo nimepiga mimi.
Nimemsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari.
Alicheka pale penye "mshiriki hatapata madhara yoyote".
Nikamweleza kwamba jina lake litafichwa,
nitamwita Mshiriki wa Kwanza.
Akanyamaza. Nilisikia sufuria ikichemka kwake.
"Sura yangu ilikwenda," akasema,
"na jina nalo liende?"

Kwa hiyo, Dakta, utakapofika ukurasa wa thelathini na nne
na mkono wako ukainyanyua ile kalamu,
chanzo kipo.
Kinakaa Kayole, mlango wa kijani, karibu na kinu cha unga.
Ukienda mchana, bisha polepole, uvumilie:
jua likiwa kali hufunga mapazia,
na huchukua muda kufika mlangoni.