Ada ya Jina

Ujumbe umeingia alfajiri,
ukungu wa Newala ungali juu ya bati:
jina la tovuti litakwisha baada ya siku saba.
Elfu thelathini na tano. Lipia, au liachie.

Nimewajengea watu nyumba zisizo na mlango wa kugonga.
Bwana Nandonde, wa saruji na nondo,
alikaa nyuma ya kiti changu siku nne
akinyoosha kidole chenye rangi iliyokauka:
nembo iwe kubwa. Bado. Ikuze tena.
Nikaikuza mpaka mteja kwenye simu haioni saruji,
anaona NANDONDE tu, kama mtu aliyesimama mlangoni
akaziba duka lake mwenyewe.
Akacheka. Sasa imekaa, akasema.
Na malipo? Mnada wa kwanza wa korosho.
Ukapita wa kwanza, ukapita wa tatu,
nikajifunza kuomba nusu kabla sijagusa kibao.

Bi Somoe Chinduli alilipa siku ileile,
noti zimebanwa ndani ya daftari la mahudhurio.
Wanawake kumi na mmoja,
matangi sita ya maji ya mvua, shule sita,
na mfadhili mmoja wa mbali aliyetaka picha:
mtoto, ndoo, kiu.
"Ikiwezekana awe hajacheka," barua ilisema, kwa adabu.

Nilikuwa nimeshaipata.
Midomo imepasuka kwa baridi, si kwa kiu,
lakini nani angejua?
Bi Somoe akaitazama, akaitazama.
"Huyu akikua, akajitafuta humu,
atajikuta nani?"

Nikaitoa. Tukaweka tangi la tatu,
lile lenye ufa uliozibwa,
na chini yake akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja,
jioni nzima:
Hili lilivuja. Tumelirekebisha. Gharama ni hizi.
Nikamwambia, mama, hakuna anayetangaza ufa.
Akasema, usipoutangaza wewe,
maji yatautangaza.

Mfadhili hakujibu.

Bi Somoe tulimzika mwaka juzi, mwezi wa Shaabani.
Kikundi kimesambaa: wengine wamefuata watoto Mtwara,
wawili hawasalimiani kwa sababu ya cherehani.
Nywila ya barua pepe alikwenda nayo.
Ujumbe wa ada huja kwangu,
maana siku ya kusajili, palipoulizwa mwenye mali,
niliandika namba yangu.
Kwa muda tu.

"Unamlipia nani?" anauliza Salha,
na mimi sina jibu lenye risiti.

Nikafungua takwimu, nitafute sababu ya kuacha.
Wageni kumi na tisa mwezi mzima.
Kumi na saba ni mitambo,
inapita tu ikijaribu vitasa.
Wa kumi na nane alipotea njia, akatoka.
Wa mwisho aliingia saa nane usiku,
akakaa dakika ishirini kwenye ukurasa wa ufa,
kisha akaacha maneno:
Mimi ni mwalimu, upande wa Chitekete.
Tangi letu nalo linavuja.
Ile saruji mliichanganyaje?

Mimi najua kupanga rangi.
Najua kitufe kikae wapi kidole gumba kikifikie.
Saruji sijui.

Nikashuka kwa Nandonde.
Alipoona nakuja akajishughulisha na misumari,
anaihesabu mmojammoja.
Sikumdai. Nikamuuliza uwiano.
Akainua uso kama mtu aliyefunguliwa kamba:
mfuko mmoja, mchanga mara mbili, uchekechwe,
usiwe wa chumvi,
na dawa ya kuzuia maji, ninayo, elfu kumi na mbili.

Nikamwambia, nipe makopo mawili.
Toa kwenye deni.

Akakuna kichwa, akatafuta daftari,
akakuta jina langu halimo.
Akaliandika pale pale, mbele yangu,
kwa herufi kubwa.